Blanketi la Karatasi za Msiba

3 Novemba

Leo nimefagia darasa nililosomea. Nilikaa dawati la tatu, dirishani, hadi darasa la nane, halafu baba akasema kuandika najua na kuhesabu kondoo najua, inatosha. Shule imefungwa mwaka wa saba sasa, watoto wamekwisha. Mwenyekiti wa kijiji amempa mwanamke mmoja kutoka Sofia, mji mkuu, akae humo majira yote ya baridi, na mimi nimeitwa nimsafishie. Anaitwa Iskra, ana nywele fupi kama askari. Kabatini nilikuta madaftari mapya, akasema chukua moja. Kalina wangu alilala juu ya koti langu nikifagia. Ana miaka mitatu, na bado akilala anakunja ngumi kama siku niliyomzaa.

Nitaandika mchana, akilala.

5 Novemba

Mvua.

9 Novemba

Mume wangu Asen amepiga simu kutoka Ujerumani. Amesema kiti changu kimeshawekwa. Basi dogo linalobeba watu wa kuvuna asparagasi, yale machipukizi meupe wanayoyapenda Wajerumani, litapita kijijini tarehe saba Aprili.

"Na Kalina?" nikauliza.

"Kalina atabaki na mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tusimame, Minka. Usiniulize mambo ambayo hata mimi sijui."

Mama mkwe alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. Nilipokata simu akasema, "Watoto wote wa kijiji hiki wamelelewa na bibi zao. Wako ana nini, pembe?"

Kabla ya kukata nilikuwa nimemwambia Asen kwamba nikipata kazi hapa hapa kabla ya siku hiyo, sipandi basi. Akacheka, si kwa ubaya. "Kazi gani huko? Kuamkia kunguru?"

Tarehe saba Aprili. Nimeiandika kwenye ukuta wa stoo kwa mkaa, nyuma ya mapipa ya kabichi, mama mkwe asione.

14 Novemba

Iskra si mzima, au ni mzima kutupita sisi. Ile sufu ambayo wachungaji wameitupa korongoni kwa kuwa hakuna anayeinunua tena, yeye ameshuka na magunia akaiokota, na samadi yake na miiba yake. Tumeiosha siku mbili, vidole vimenichubuka. Ameshona koti lenye mikono kumi na miwili.

"Dada, nani atalivaa?" nikamuuliza.

"Sijui. Nilianza na mikono miwili nikaona bado."

Bibi Trendafila alipita kuchungulia dirishani. Ni jirani yetu, mjane, na ndiye pekee aliyebaki na kitanda cha kufumia mablanketi. Akajipiga ishara ya msalaba. Njiani akaniambia, "Binti, kuna wazimu wa kuzaliwa na kuna wazimu wa kusomea. Huu wa kusomea hauna dawa."

Nimecheka mpaka nyumbani.

22 Novemba

Sijui niandikeje haya.

Iskra amezunguka vijiji akiomba kengele za kondoo kwa watu waliouza makundi yao. Amepata themanini na tatu, nyingine kubwa kama sufuria. Kila moja ameishindilia sufu ndani mpaka mdomoni, akazitundika kwenye dari la darasa kwa kamba, zikawa zinaning'inia usawa wa mabega yangu. Leo alinituma niingie kuchukua ndoo. Nikapita katikati yake. Zikanigonga mabegani, zikagongana zenyewe kwa zenyewe, na hakuna sauti hata moja. Kalina alinyoosha mikono nimbebe, akaisukuma moja, akangoja. Kisha akaweka kidole mdomoni: "Zimelala."

Na mimi nikawasikia kondoo wa baba. Naapa. Siku alipowauza nilikuwa na miaka kumi na moja. Walipandishwa kwenye lori na kengele zikavuliwa zikabaki kwenye kapu jikoni, na kila mtu akipita akiligusa lile kapu, mama yangu mzazi alikuwa anatoka nje.

Nilimkuta Iskra anakula maharage kwenye sufuria. "Zina maana gani zile?"

"Wewe umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Basi ndicho hicho," akasema, akaendelea kula.

Nimekasirika mchana kutwa. Mtu amechukua vyuma na sufu ya kutupwa akaniingia kifuani bila hodi.

1 Desemba

Theluji. Kalina ana kikohozi.

4 Desemba

Kikohozi kimepungua. Mama mkwe amemkanda kifua kwa mafuta ya nguruwe, akamwimbia. Akiimba ni mtu mwingine. Akinigeukia mimi anarudi yule yule: "Mkamwana, ukienda huko shuleni kwa yule kichaa, mtoto mwache. Zoea kumwacha."

11 Desemba

Leo nimeona kitu nilichokiona maisha yangu yote.

Kwenye kibanda cha basi, basi lisilokuja tena, mbao hazionekani. Zimefunikwa na karatasi za msiba. Mtu akifa tunabandika karatasi yenye picha yake getini na kibandani, tena kwenye arobaini, tena nusu mwaka, tena mwaka, na kila mwaka baada ya hapo maadamu yupo wa kumkumbuka. Hakuna mkono unaoruhusiwa kuibandua. Mvua na upepo ndio wenye ruhusa. Kwa hiyo zimebandikwa moja juu ya nyingine, juu ya nyingine, mpaka zimekuwa nene kama godoro. Leo theluji ilipoyeyuka kipande kikubwa kilidondoka chenyewe, tabaka labda hamsini. Nikakifunua kama mkate. Mwalimu wangu wa la kwanza alikuwa ndani. Na mtoto wa kina Gancho. Na bibi yangu mzaa mama, mara nne, kila mara picha ile ile.

Nilisimama pale na Kalina mgongoni nikawaza kengele. Nikawaza: hili ni blanketi. Watu wote hawa wamelala chini ya blanketi moja la karatasi, na linaoza. Laiti ningekuwa na uzi.

Kilichoangushwa na mvua si cha mtu. Nimekileta nyumbani ndani ya aproni.

15 Desemba

Nimeikausha ile karatasi juu ya jiko nikaikata utepe mwembamba. Yenye maneno naisokota, inashika kama uzi wa katani. Nyuso siwezi kuzisokota, roho inakataa. Nyuso nazikata utepe na kuuacha bapa, ili ukifuma, ukaupanga vizuri, sura irudi.

Nimemwonyesha Iskra. Aliigeuzageuza mwangani, nikadhani nimemwudhi. Halafu akasema, "Mimi sikufundishi kitu. Wewe fuma." Akaniambia kuna maonyesho mjini Plovdiv ya kazi za mikono za namna hii mpya. Wanaangalia kazi mwezi wa tatu. Wakiipenda kazi kutoka mahali, wanafungua karakana hapo hapo na kuwalipa wanawake mshahara wa kufanya kazi ya sufu. Ndiyo maana yeye mwenyewe yuko hapa, anajaribu bahati.

"Hapa? Shuleni?"

"Hapa."

Mshahara, na Kalina analala kwenye dawati karibu yangu. Nimetembea nyumbani kama mlevi.

19 Desemba

Bibi Trendafila amekubali nitumie kitanda chake cha kufumia. "Ila usiniambie unafuma nini. Nikijua itabidi nikukataze, na mimi nimechoka kukaa peke yangu."

Akajua siku ile ile, bila shaka. Macho yake ni ya mwewe. Alimwona mumewe kwenye tepe, akazishika, akazipangusa kwa kidole gumba, akanirudishia. "Alikuwa hapendi baridi," akasema. "Muweke katikati."

25 Desemba

Krismasi. Asen amempigia Kalina wakaonana kwenye simu. Kalina alibusu kioo kikachafuka.

2 Januari

Nafuma.

3 Januari

Nafuma. Mtande, nyuzi za wima, ni sufu ya korongoni ya kijivu; mshindio, nyuzi za kukatiza, ni sufu na watu.

15 Januari

Mwaka mmoja tangu baba mkwe afe. Tulichemsha ngano, tukatia sukari, tukaipeleka kaburini. Mama mkwe alibandika karatasi mpya getini kwa gundi ya unga. Picha ni ile ya kitambulisho: Dimo Petkov, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia kwa sababu kibanzi cha mti kiliwahi kumrukia akiwa kijana. Alikuwa mpole. Aliniletea zabibu nilipokuwa na mimba, akazificha nisile mbele ya mama.

Mama alisimama getini mpaka vidole vikawa bluu. Nikampelekea glavu.

18 Januari

Upepo wa kusini, ule unaong'oa vigae. Siku tatu tu karatasi ilikaa, ikang'oka. Nimeikuta asubuhi chini ya uzio, imelala kifudifudi. Nikaigeuza.

Nilijua ni ya nani. Naandika hivi ili baadaye nisijidanganye kwamba sikujua. Ningeweza kuibandika tena, gundi ilikuwepo jikoni. Lakini kwenye blanketi, mkono wa kulia, palikuwa na mahali palipokuwa pakinisumbua wiki nzima, pamekaa kama chumba kisicho na dirisha. Nikaliangalia lile jicho dogo, nikajua ndilo linalotakiwa pale.

Nimelitia ndani ya aproni.

29 Januari

Theluji hadi madirishani. Kalina amejifunza kusema "mshindio".

6 Februari

Nitaandika polepole.

Mama mkwe alikuja kwa Bibi Trendafila kuazima chumvi. Hajawahi kuingia chumba cha kufumia, kila mara anaishia jikoni. Leo Kalina alimshika kidole akamvuta: "Bibi njoo uone babu."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, miguu kwenye kanyagio. Mama aliangalia blanketi kutoka chini kwenda juu kama mtu anayesoma. Alipofika mkono wa kulia akasimama. Jicho la baba mkwe lilikuwa pale, limekaa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Umemkata," akasema. "Umemkata mume wangu vipande vipande."

"Mama, upepo ndio uliomwangusha. Mimi nilimkuta chini."

"Mtu akianguka chini unamwinua au unamkata?"

Nikaweka kiganja juu ya lile jicho.

Bibi Trendafila akajaribu, "Zdravka, dada yangu, wangu naye yumo humo, tazama, katikati..."

"Wako alikufa zamani! Wangu ana mwaka mmoja! Wewe mzee mzima, umemfungulia mlango!" Akamgeukia Kalina, akambeba. Mlangoni akanitazama mimi. Nilidhani nitaona hasira, kumbe ilikuwa kitu kibaya zaidi, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilijua. "Tarehe saba Aprili," akasema. "Umeiandika stooni kama mfungwa. Nami nimekuwa nikiihesabu. Huyu mtoto hastahili kukaa na mtu asiye na heshima kwa wafu wake."

Nilibaki na miguu kwenye kanyagio. Bibi Trendafila alichemsha chai ya milimani akaiacha ipoe mbele yangu. "Jicho limekaa vizuri," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, kama anatukana. "Ndiyo shida yenyewe. Ungekuwa fundi mbaya asingemjua."

7 Februari

Mama hasemi nami.

8 Februari

Hasemi.

13 Februari

Habari imefika kila nyumba. Nyumba zenye moshi ni kumi na tisa tu, haikuchukua muda. Mke wa Gancho, mtoto wake yumo kwenye blanketi, alivuka barabara aliponiona. Halafu akarudi, akanishika mkono kwa nguvu ukauma. "Ni kweli Mirchocho wangu yumo?" Nikasema ndiyo. "Wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole hewani, upande wa kushoto, chini. Akaondoka. Sijui amenisamehe au amenilaani.

Nimewaza kulifumua. Nimekaa mbele yake na mkasi. Nikifumua, nitapata nini cha kupeleka Plovdiv? Na nisipofumua, mimi ni nani?

Iskra nilimwuliza. Akasema, "Dada yangu, mimi siwezi kukujibu hilo. Mimi naazima kengele za watu, wewe umechukua nyuso zao. Umeshanipita." Niliona leo kwa mara ya kwanza kwamba na yeye anaogopa. Jiko lake linatoa moshi, anakula maharage asubuhi na jioni, amekonda. Nilikuwa nadhani watu wa kazi hizi wana kitu wanachokijua.

Sikufumua.

1 Machi

Nimemfunga Kalina uzi mwekundu na mweupe mkononi kama kila mwanzo wa Machi. Mama naye alikuwa ameshamfunga wake. Anatembea na nyuzi mbili.

9 Machi

Nimemaliza. Iskra amekwenda Sofia kwa wiki moja kushughulikia makaratasi yake. Akirudi tutalipiga picha tuipeleke Plovdiv kabla ya tarehe ishirini.

12 Machi

Theluji inayeyuka juu milimani, kijito kimejaa. Asubuhi Bibi Trendafila alisema, "Maji ni mazuri leo."

Ni hivyo tu alivyosema. Blanketi lisilopita majini si blanketi, ni kama mtoto asiyebatizwa. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa sote. Ukishalitoa kwenye kitanda cha kufumia unalipeleka kijitoni, kwenye lile pipa kubwa la mbao lililozikwa ardhini, ambamo maji yanaangukia kwa kishindo na kuzunguka. Unalitupa humo, linazungushwa saa nyingi mpaka sufu inashikana na kuota manyoya. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu nikiwa na miaka sita. Nikalikunja, akashika upande mmoja nami mwingine, tukateremka tukizungumza habari za mbuzi wake anayekaribia kuzaa. Tukalitupa. Tukakaa juani tukala mkate na jibini.

Naapa hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Mikono ilijua kazi, vichwa vikafuata nyuma.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Maji yaliyokuwa yakitoka chini ya pipa yalikuwa meupe, mazito kidogo, kama uji.

Niliingia majini na viatu. Tulivuta, limelowa, zito kama ng'ombe aliyekufa. Tukalitandaza juu ya uzio. Karatasi yote imekwenda. Mwalimu, bibi yangu, mume wa Trendafila, mtoto wa kina Gancho, wote wameteremka na kijito. Sufu imeshikana na kuota manyoya kama inavyotakiwa, na palipokuwa na watu, mitande imekimbilia pembeni ikagandamana ikaacha matundu. Matundu tu, makubwa na madogo, na mwanga wa jua unapita.

Nililia kama mnyama. Bibi Trendafila alikuwa anajipiga paji la uso kwa kiganja, "Mzee mpumbavu, mzee mpumbavu." Kalina akaanza kulia kwa kuwa sisi tunalia. Kelele ndizo zilizomleta mama mkwe, alidhani mtoto ametumbukia majini. Alikuja mbio, na magoti yake yale mabovu, bila kitambaa kichwani. Akamshika Kalina kwanza, akampapasa mwili mzima. Kisha akaona uzio.

Nikangoja aseme nimelipwa.

Alilikaribia. Akatafuta mkono wa kulia, juu. Pale pana tundu la ukubwa wa uso, kingo zake zina manyoya laini. Akaingiza mkono. Akaupitisha mpaka kwenye kiwiko, akauangalia upande wa pili kama mkono wa mtu mwingine.

"Ndivyo kulivyo," akasema. "Ndivyo kulivyo hasa. Kitandani, upande wake."

Akakaa kwenye nyasi zilizolowa, jambo ambalo sijawahi kuona akilifanya. Akaanza kusema bila kunitazama.

"Asen alikuwa na miaka minne nilipokwenda Ugiriki kulea wazee. Mwaka mmoja, nilisema. Nikawafuta wazee wa watu kwa miaka saba. Niliporudi nikamkuta jikoni kwa mama yangu, mrefu, anakula supu. Akasimama kwa adabu. Akasema, 'Shikamoo shangazi.'" Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Mpaka leo akiniita mama, nasikia kwanza anavuta pumzi."

"Mama," nikasema, "sasa kwa nini wataka mimi niende?"

Akang'oa nyasi. "Kwa sababu nilitaka nimlee mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilitaka huyu." Na akamgandamiza Kalina kifuani mpaka mtoto akasema, "Bibi, unaniumiza."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka mitano.

17 Machi

Iskra amerudi. Alililetea blanketi taa, akalitundika mbele ya dirisha la darasa, akakaa sakafuni. Nilimweleza nilivyoliharibu, kila kitu, mpaka mkate na jibini. Akasema, "Usilitie tena kiraka wala neno."

Amepiga picha na kuzipeleka. Jina ameandika langu. Niliangalia mara mbili.

25 Machi

Kimya.

30 Machi

Mbuzi wa Bibi Trendafila amezaa mapacha, mmoja mfu.

2 Aprili

Wamejibu! Wamelikubali. Litatundikwa peke yake kwenye chumba kimoja, na karakana wataifungua hapa, wanawake watatu, mimi wa kwanza. Nimemrusha Kalina juu mpaka akapiga yowe. Halafu Iskra akasoma mstari wa mwisho kwa sauti ndogo. Karakana itaanza Oktoba. Hadi hapo hakuna mshahara. Na wanataka mablanketi mengine matatu yawe tayari siku ya kufungua.

Nimempigia Asen. "Nimefurahi, Minka. Kweli. Lakini Oktoba si Aprili." Neno alishalitoa kwa mwenye shamba kwamba mtu wa nyumbani kwake anakuja. Kiti kikibaki wazi, kibarua chake mwenyewe kitaondoka, kuna watu kumi nyuma yake mlangoni. Hakunikaripia. Sauti yake ilikuwa imechoka, kama mtu anayeongea akiwa amelala chali.

Nitakwenda. Miezi mitatu tu, nimejiambia. Mama naye alipokwenda Ugiriki alisema mwaka mmoja.

5 Aprili

Nimefunga begi. Kalina ametia viatu vyake ndani. Nikavitoa. Akavitia tena, akakaa juu ya begi.

7 Aprili

Basi lilifika saa tatu asubuhi, limejaa nusu, wanawake wa vijiji vya chini wamelala wakiegemea vioo. Nilikuwa na begi mkononi na Kalina shingoni, na sikuwa nimejua bado nitamtoaje shingoni. Bibi Trendafila alikuwepo, Iskra alikuwepo. Mama hakuwepo. Nilidhani hawezi kutazama.

Dereva akafungua karatasi, akasoma jina la ukoo wetu kama linavyoitwa kwa wanawake. "Petkova?"

"Yupo," ikasema sauti nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa anateremka kilima. Amevaa viatu vya marehemu baba mkwe vya msituni, sanduku la Ugiriki mkononi, lile la kamba.

Dereva akamtazama juu chini. "Mama, hapa nimeandikiwa Petkova."

"Na mimi ni nani? Nimekuwa Petkova kabla huyu hajazaliwa. Soma vizuri."

"Kule ni kuinama saa kumi kwa siku, mama."

"Nimeinamia wazee wa Kigiriki miaka saba, wazito, wanaouma. Nitaiogopa mboga?"

Wanawake ndani ya basi wakacheka. Mmoja akasema, "Mpandishe, huyu atatuchekesha mpaka Munich."

"Mama, magoti yako," nikasema. "Mama, hapana. Huwezi."

"Magoti ni ya nani? Yako?" Akanivuta pembeni kwa kola, kwa ukali kama anataka kunipiga. "Sikiliza, mkamwana. Sikupendi zaidi kuliko jana. Lakini mtoto wangu aliniita shangazi. Hakuna mtu mwingine nyumbani mwangu atakayesikia neno hilo." Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Na yale matundu. Yafume tena. Kusudi, safari hii."

Alimbusu Kalina kichwani, haraka, mara moja, kama mtu anayeogopa kuungua. Akapanda. Ngazi ya kwanza ilimshinda, dereva akamsukuma kwa nyuma, akamtukana dereva. Nilianza kulia, akashusha kioo: "Funga mdomo! Usinililie barabarani, watadhani nimekufa!"

Kalina alipunga mkono mpaka basi likapotea, halafu akauliza tutakula nini.

10 Aprili

Mvua. Sijafuma.

16 Aprili

Mama amepiga simu. Amesema chakula ni kibaya na kitanda ni cha juu, anapandishwa na msichana wa Kiromania. Siku mbili wamemweka bandani kuchambua kwa sababu asubuhi hakuweza kunyooka. Alilisema haraka, katikati ya habari ya chakula, kusudi nisilisikie. Asen amekwenda kumwona Jumapili. Walikaa kwenye benchi. "Amenivua viatu," akasema. Akamuulizia Kalina. Kalina alikuwa anacheza nje na hakutaka kuja.

Baada ya hapo nimekwenda kwa Bibi Trendafila, nimetandika mtande mpya, nimekaa kwenye benchi. Kalina amelala kwenye marundo ya sufu. Sijaweka uzi hata mmoja. Kila nikinyoosha mkono namwona mwanamke wa miaka hamsini na minane ameinama kwenye tuta, kwenye mvua ya watu, ili mimi nikae hapa penye joto. Sijui kama kuna blanketi duniani linaloweza kuwa zuri kiasi hicho.

Nimeweka uzi wa kwanza.